Mchovu Si Mvivu

Mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili kilitutaka tuandike juu ya jambo linalotukera. Najua wengine wameandika juu ya nauli za matatu, wengine juu ya vumbi na malori ya mawe, na kuna ndugu yetu mmoja wa Kidato cha Pili ambaye hakosi kuitaja Arsenal hata akipewa insha ya methali. Mimi linalonikera ni neno moja tu: "mvivu". Hapa kwetu Kitengela neno hilo hugawiwa bure. Msichana akisinzia kipindi cha alasiri, mvivu. Mama akijilaza mchana, mvivu. Mzee akishindwa kufuata ng'ombe, ati uzee umempa uvivu. Hakuna anayeuliza kitu. Nami nasema kwa kinywa kipana kwamba miongoni mwa hao wamo wagonjwa, na kwamba mgonjwa huyo ana jambo la kumfundisha daktari, na mtafiti, na hata mwalimu wa zamu aliyesimama langoni na daftari lake la wachelewaji.

Hebu tuanzie nyumbani. Ukitoka Kitengela ukaishika barabara ya Namanga, ukapita Isinya hadi mjini Kajiado na kuendelea mpaka Bissil, utahesabu ng'ombe, mbuzi na kondoo mpaka uchoke. Hii ni nchi ya mifugo, ingawa huku kwetu ploti zimekula malisho. Maziwa hutufikia asubuhi kwa bodaboda, na si kila nyumba huyachemsha. Wako wanaosema yakichemshwa hupoteza utamu. Basi ndani ya maziwa mabichi, na katika kondo la mnyama aliyeharibu mimba, ndimo huweza kukaa kijidudu cha ugonjwa tunaouita brusela. Mtu aliyeambukizwa hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu. Si uchovu wa kucheza mpira. Ni uchovu wa kumfanya mtu mzima alie anapoona ndoo ya maji. Hana jeraha, hana upele, pengine hata hakohoi. Ukimtazama kwa macho unamwona mzima, na ndiyo maana anaitwa mvivu.

Aliyekigundua kijidudu hicho ni daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, katika kisiwa cha Malta mwaka 1887. Ndiyo sababu hadi leo wengine huiita homa ya Malta. (Huyu ndiye Bruce yuleyule aliyekuja Entebbe mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale. Watahiniwa wa Baiolojia, mnaweza kumweka akilini.) Mwaka 1905 mwanasayansi wa Malta, Themistocles Zammit, alionyesha kwamba mbuzi waliokuwa wakionekana wazima kabisa ndio waliokuwa wakibeba maradhi hayo. Mwaka uliofuata wanajeshi wakakatazwa maziwa mabichi ya mbuzi, na ugonjwa ukapungua sana kambini. Kwa hivyo dawa ya kwanza ya brusela ni sufuria na moto, na mama yeyote wa Kitengela anayo.

Hapa Kajiado ugonjwa huu si hadithi. Kati ya mwaka 2012 na 2013 watafiti walipima watu na mifugo wa nyumba zilezile katika kaunti tatu: Kajiado, Kiambu na Marsabit. Waligundua kwamba nyumba yenye mnyama aliyeambukizwa ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya kuwa na mtu aliyeambukizwa. Marsabit ndiko walikopata wengi zaidi, na Kiambu ndiko walikopata wachache zaidi. Sisi tuko katikati.

Sasa sikilizeni vizuri, manake hapa ndipo pana kisa. Kwa kuwa brusela ipo kweli, imekuwa kapu la kutilia kila uchovu. Mtu akienda kliniki akasema amechoka na viungo vinamuuma, hutolewa damu, tone lake likachanganywa na tone la dawa, na vikigandamana chembechembe huambiwa, "Una brusela." Aghalabu huongezewa na homa ya matumbo papo hapo, kana kwamba ni duka na leo kuna bei ya jumla. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kukichunguza kipimo hicho cha haraka katika hospitali za kaunti ya Busia. Kipimo kiliwaambia karibu mmoja kati ya kila wagonjwa watano kwamba ana brusela. Walipopimwa kwa kipimo kingine kinachoaminika zaidi, kiitwacho Rose Bengal, chenye dawa ya rangi ya waridi iliyokolea, waliobaki kuwa na dalili za brusela katika damu walikuwa wachache mno. Yaani umati wa watu uliandikiwa ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Mtaniuliza, kuna hasara gani mtu akinywa dawa za ziada? Hasara ipo, tena si moja. Shirika la Afya Duniani hupendekeza dawa ya doksisaiklini kwa muda wa wiki sita, pamoja na dawa nyingine ya pili. Hiyo ni pesa. Ni tumbo kuchafuka kwa mwezi na nusu. Ni vijidudu vingine kuzoea dawa hata siku ukizihitaji zikatae kufanya kazi. Na hasara kubwa kuliko zote ni kwamba ule ugonjwa wako halisi umekaa pale pale unakungoja, nawe umeshapewa jina lisilo lako. Hata kipimo kizuri kina mipaka yake, kwa sababu alama za brusela huweza kukaa katika damu muda mrefu baada ya mtu kupona. Kipimo kinasema wewe na kijidudu mliwahi kukutana. Kama ndicho kinachokuchosha leo, hilo linahitaji daktari akae, akuulize, akusikilize.

Ninaye shangazi ambaye amenifanya nisome mambo haya yote. Alikuwa akishona nguo katika kiwanda kimoja upande wa Athi River. Mwaka 2021 aliugua Covid, akapona homa na kikohozi, lakini nguvu hazikurudi. Katika miaka miwili alikwenda kliniki nne, ambazo sitazitaja. Mara mbili aliambiwa ni brusela akameza dawa wiki sita, mara moja akaambiwa ni malaria, na mara ya mwisho akaambiwa ni mawazo, aende akaolewe. Kazi ikamponyoka. Sasa jambo ambalo shangazi amelieleza kila mahali na likapuuzwa kila mahali ni hili: akifua nguo Jumamosi, Jumamosi hiyo hiyo huwa hana neno. Jumapili huwa na maumivu kidogo. Jumatatu ndipo anapoanguka kitandani, kichwa kizito, mwanga unamuumiza, maneno yanampotea, na hukaa hivyo siku tatu au nne. Alianza hata kuandika katika kidaftari, siku ya kazi na siku ya kuanguka, akayaona yanafuatana kama matatu na kondakta wake. Alipokionyesha kidaftari hicho kliniki aliambiwa, "Mama, wewe unajisikiliza sana."

Naam, anajisikiliza. Nani mwingine atamsikiliza? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jambo lile alilolieleza shangazi lina jina katika vitabu vya utabibu. Ni dalili kuu ya ugonjwa wa uchovu sugu, ambao jina lake refu la kuvunja ulimi ni mayaljiki ensefalomielaitisi. Mwaka 2015 taasisi ya utabibu ya Marekani ilitoa ripoti kubwa ikasema kwamba kuzidiwa baada ya kujitumikisha, hata kidogo, ni dalili ambayo bila hiyo ugonjwa huo hauhesabiwi kuwa upo. Ripoti hiyo ilikadiria kwamba Marekani pekee huenda ina wagonjwa kati ya 836,000 na milioni 2.5, na kwamba wengi wao hawajawahi kuambiwa wanaugua nini. Aghalabu huanza baada ya homa au maambukizo fulani. Tangu Covid ifike Kenya Machi 2020, na duniani kote, wapo waliopona ugonjwa wenyewe wakabakiwa na uchovu wa aina hii. Na hilo jina la Covid ya muda mrefu halikutungwa na profesa yeyote. Wagonjwa ndio walioanza kulitumia mwaka 2020, na Shirika la Afya Duniani likatoa maelezo yake rasmi Oktoba 2021. Hapo mgonjwa alitangulia, mtaalamu akafuata. Siyasemi haya kwamba nimempima shangazi yangu. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Nasema kwamba aliyoyaeleza yalistahili kuandikwa katika kadi yake.

Si mara ya kwanza. Mwaka 1955 katika hospitali ya Royal Free mjini London, wafanyakazi 292, wengi wao wauguzi na madaktari, waliugua ghafla ugonjwa wa maumivu na udhaifu, hata hospitali ikafungwa kuanzia Julai hadi Oktoba. Miaka 15 baadaye, mwaka 1970, madaktari wawili wa magonjwa ya akili walichapisha makala wakisema ule ulikuwa wazimu wa kuambukizana tu. Je, waliwapima wagonjwa? La hasha! Walisoma mafaili. Na hoja mojawapo waliyoitoa ni kwamba waliougua wengi walikuwa wanawake. Wasichana wenzangu, wimbo huo tunaufahamu. Tukiumwa tumbo ni visingizio, tukiumwa kichwa tunafikiria wavulana.

Hata hiyo brusela yetu ilipitia mlango huo. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitoa matokeo ya kuwachunguza watu waliougua brusela, baadhi wakapona upesi na baadhi wakabaki wachovu kwa muda mrefu. Katika mwili hawakuona tofauti ya maana baina ya makundi hayo mawili. Walipowapa maswali ya saikolojia waliona wale wachovu wana huzuni zaidi, wakaegemea kusema kwamba asili ya uchovu ule ni nafsi. Lakini maswali yale yaliulizwa miaka kadhaa baada ya ugonjwa! Mtu achoke miaka yote hiyo, apoteze kazi, aitwe mvivu na jamaa zake, halafu umpime umkute na huzuni, useme huzuni ndiyo iliyomchosha? Ni kama kuona nyumba imelowa ukasema imesababisha mvua. Haki yao niwape: baadaye walifanya uchunguzi mwingine juu ya mafua, na safari hiyo waliuliza maswali kabla watu hawajaugua. Hiyo ni njia nzuri zaidi. Ila mafua ya wiki chache si uchovu wa miaka.

Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja husema utafiti ni utafiti, na kwamba mgonjwa hana elimu ya kumsahihisha profesa. Kwa ajili yake nitaeleza habari ya jaribio moja la Uingereza lililoitwa PACE, na naomba asome polepole kwa sababu lina hesabu.

Jaribio hilo lilikuwa na wagonjwa 641 wa uchovu sugu, na matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida maarufu la The Lancet. Liliwagawa wagonjwa katika makundi manne. Kundi moja lilipewa matibabu ya kawaida tu. Mengine yaliongezewa jambo: moja mazungumzo ya kubadili fikira zao, moja mazoezi ya mwili yanayoongezwa kidogo kidogo, na moja mafunzo ya kuishi ndani ya kipimo cha nguvu walizo nazo. Watafiti walisema mazungumzo na mazoezi yamesaidia, na mwaka 2013 wakasema katika makundi hayo mawili wagonjwa 22 katika kila 100 wamepona. Magazeti yakashangilia. Wagonjwa wenyewe wakashtuka, kwa sababu wengi wao walikuwa wameambiwa wafanye mazoezi wakaishia kitandani, kama shangazi na nguo zake.

Basi wakaanza kuyasoma makaratasi ya watafiti, neno kwa neno, wengine wakiwa wamelala. Wakaona hivi. Kulikuwa na maswali ya kupima uwezo wa mwili, alama kutoka 0 hadi 100. Ili uhesabiwe mgonjwa wa kutosha kuingia katika jaribio, ilibidi upate 65 au chini ya hapo. Mpango wa awali ulisema katika maswali hayo aliyepona ni mwenye 85 au zaidi. Baadaye kiwango kikateremshwa hadi 60. Hebu tulia hapo. Ungeweza kuingia na 65 ukiwa mgonjwa, ukatoka na 60, umezidiwa, na katika kigezo hicho ukahesabiwa umepona! Mwalimu wetu wa Hisabati angemwita mzazi. Isitoshe, wagonjwa walijua wako kundi gani, na waliokuwa wakipewa mazungumzo na mazoezi walikuwa wameelezwa kwamba yatawasaidia, kisha wao wenyewe ndio waliojaza fomu za kusema wanajisikiaje. Sisemi walidanganya. Lakini mtu akishaambiwa kutwa kucha kwamba anapata nafuu, kalamu yake husogea kidogo.

Mgonjwa mmoja wa Australia, Alem Matthees, alitumia sheria ya Uingereza ya kupata habari akaomba takwimu za jaribio hilo zitolewe, bila majina ya watu. Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London kilikataa, kesi ikafika barazani, na mwezi Agosti 2016 baraza likaamua takwimu zitolewe. Zilipohesabiwa upya kwa vigezo vya mwanzo, wale 22 katika 100 wakawa 7 katika kundi la mazungumzo na 4 katika kundi la mazoezi, ilhali kundi la matibabu ya kawaida lilikuwa na 3. Tofauti hizo ni ndogo mno kuzitegemea. Watafiti wenyewe wanaitetea kazi yao mpaka leo, na wana haki ya kujitetea. Ila Oktoba 2021, taasisi iitwayo NICE, ambayo hutoa miongozo ya matibabu Uingereza, ilichapisha mwongozo mpya uliosema mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba yasitolewe kama tiba ya ugonjwa huu. Rafiki yangu, huyo profesa alisahihishwa, na waliobeba kalamu nyekundu ni watu wasioweza kusimama foleni ya mkate.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Si kweli, sisi pia tumewahi kulipa bei ya kushangilia utafiti kabla ya kuuhoji. Waulizeni wazazi juu ya Kemron. Mwaka 1990 dawa hiyo iliyotokana na kazi ya KEMRI ilizinduliwa hapa Kenya kwa shangwe, Rais Moi mwenyewe akiwapo, ikisemekana inawasaidia sana wagonjwa wa Ukimwi. Watu walikuja kuitafuta kutoka mbali. Majaribio yaliyofuata, likiwemo moja la Uganda, hayakuona faida yake. Na tumewahi pia kuona mgonjwa Mkenya akisimama akashinda. Mwaka 2012 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilikata kesi ya watu watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Walilalamika kwamba Sheria ya Bidhaa Ghushi ya 2008 iliandikwa vibaya, hata dawa halali za bei nafuu zingeweza kukamatwa kama bidhaa bandia. Jaji Mumbi Ngugi aliwaunga mkono Aprili 20. Hawakuwa madaktari wala mawakili. Walikuwa wanameza dawa hizo, basi.

Najua pia kuna wanaojifanya. Siwezi kulikana hilo mbele ya darasa langu, maana siku ya mbio za nyika zahanati yote ya Kitengela haitutoshi: huyu goti, yule pumu, yule tumbo la ghafla. Lakini mwenye kujifanya hupona mbio zikiisha. Shangazi yangu alikosa hata arusi ya binti yake. Aliyekata kauli ya kujifanya angalau angeenda kula pilau. Tena nikipiga hesabu, afadhali mwalimu adanganywe na wavivu watatu kuliko amfukuze uwanjani mgonjwa mmoja akapige magoti kwenye jua.

Wala sipendi kuwatupia madaktari lawama zote. Wengi wao huku wanawaona wagonjwa foleni hadi jioni, na mgonjwa mwenyewe huchukia kuambiwa "bado sijajua". Tunataka jina, tena tunalitaka leo, na tunataka bahasha ya tembe. Daktari asiyeandika kitu tunasema hajui kazi. Kipimo cha haraka kinaishi kwa sababu sisi na kliniki tunakipenda sote, kila mtu kwa faida yake. Mzee mmoja jirani yetu hujivunia kwamba ametibiwa brusela mara tano. Mara tano! Hakuna aliyemuuliza kama ilikuwa brusela hata ile mara ya kwanza.

Basi nini kifanyike? Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari anazohitaji ili kulinda haki zake. Mwaka 2016 Bunge likatunga Sheria ya Kupata Habari. Wizara ya Afya nayo ilitoa Mkataba wa Haki za Wagonjwa mwaka 2013, na humo mgonjwa ana haki ya kuelezwa ugonjwa wake na matibabu yake, na ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Hizi ndizo silaha zilezile alizotumia yule bwana wa Australia, ila zetu zimekunjwa kabatini. Mama akienda kliniki na mtoto aliyechoka, anaweza kuuliza kwa adabu, "Daktari, hiki ni kipimo gani? Kuna kipimo cha pili cha kukihakikisha? Dawa hii nikiimaliza nisipopona, tutafanya nini?" Hayo si matusi. Mimi nimemsindikiza shangazi tukayauliza, na daktari wa safari hiyo alivuta kiti, akakisoma kile kidaftari ukurasa kwa ukurasa. Hajampa dawa ya miujiza. Amemwambia afue nguo chache, apumzike kabla hajachoka, na amemwagizia vipimo vya damu kuona kama kuna upungufu wa damu, au tezi ya shingo, au jambo jingine linalotibika.

Hapa shuleni nina maombi mawili kwa walimu wetu wapendwa. La kwanza, katika daftari la zamu pawe na safu ya "sababu", na mwanafunzi aulizwe kabla ya kuadhibiwa. Wengine wetu tunatembea kutoka mbali, wengine wanachota maji usiku, na wengine, nina hakika, wanaumwa. La pili ni mchezo wa ndani wakati wa michezo kwa anayeleta barua ya daktari, asilazimishwe kukimbia "ili apate nguvu".

Kwa wanachama wenzangu nina kazi. Ule Mkataba wa wagonjwa nimeuona kwa Kiingereza, na nyanya zetu hawasomi Kiingereza. Nimeshafasiri ukurasa wa kwanza kwa Kiswahili cha kawaida, kisicho na misamiati ya kumtisha mtu. Mwenye duka la maziwa karibu na steji amekubali tuubandike pale penye foleni ya asubuhi, bora tuongeze chini yake mstari wa kuwakumbusha watu wachemshe maziwa; anasema hilo halitamharibia biashara. Ninachokosa ni mtu wa kuutia katika Kimaasai safi, si hiki changu cha sokoni. Anayekiweza anione dirisha la pili, Kidato cha Tatu, kabla muhula haujafungwa.